Riviu ya O&OD, huduma ya kupanga mpango wa kijiji: nimeitumia mara tatu

Watu wanaandika riviu za simu, za mabasi, za gesti, mimi leo naandika ya huduma ambayo karibu kila mtu wa kijijini ameshapewa ila sijaona mtu anaipa nyota. Ni ile serikali inakuja kijijini inawauliza wananchi mnataka nini, mnapanga, mnapiga kura, mnaandika, mnasaini, karatasi zinaenda halmashauri. Wenyewe wanaita O&OD, kwa Kiswahili Fursa na Vikwazo kwa Maendeleo. Nimeitumia 2017 nikiwa mwananchi wa kawaida, halafu 2020 na 2023 nikiwa mjumbe wa halmashauri ya kijiji. Kijiji chetu kiko mkoa wa Njombe, wilaya sitaji maana sitaki kumchoma mtu, nataka mjue huduma yenyewe ikoje ili ikifika kwenu mjue cha kudai.

Kwa asiye na muda wa kusoma yote: 2017 nyota 1, 2020 nyota 2, 2023 nyota 4. Halmashauri ni ileile na fomu karibu ni zilezile. Kilichobadilika ni mrejesho, ndo ninachotaka kukiongelea hapa.

Kwanza niseme huduma naipenda, tena sana. Baba yangu mkubwa huwa anatusimulia 1972 serikali za mitaa zilivyofutwa ikaja Madaraka Mikoani, na anavyokumbuka yeye mpango ulikuwa unakuja na Land Rover kutoka Iringa (Njombe enzi hizo ilikuwa ndani ya Iringa, mkoa wetu tumepata 2012), mnaitwa chini ya mti mnaambiwa mwaka huu kijiji kitafanya hiki na hiki, basi, mnapiga makofi mnaenda nyumbani. Serikali za mitaa zilirudi kwa sheria za 1982 zikaanza kazi 1984, na hii O&OD ikaja miaka ya 2000 mwanzoni. Sasa hivi kwa utaratibu mpango unaanzia kitongojini, halmashauri ya kijiji inaukusanya, mkutano mkuu wa kijiji unaupitisha, na mkutano mkuu ni kila mtu mwenye miaka 18 kwenda juu, hata yule bibi anayeuza ulanzi kura yake ni sawa na ya mwenyekiti. Kutoka hapo unapanda kata kwenye WDC (kamati ya maendeleo ya kata), unaenda kwa wataalamu wa halmashauri, kamati ya fedha, baraza la madiwani, mkoani, TAMISEMI, Hazina mpaka Bungeni, Julai Mosi mwaka mpya wa fedha unaanza. Mtu anayesema hii haina maana hajawahi kuishi ile ya kupigiwa makofi.

Ila sasa tuje kwenye huduma yenyewe.

2017 walikuja watatu na gari la halmashauri, bango kitita, makapeni za rangi, mwisho wa Novemba. Anayejua Njombe anajua Novemba ni nini, mvua za kwanza zimeshapiga, mbegu za viazi ziko ndani zimeshachipua zinakuangalia, ng'ombe wa kulimia umeazima kwa siku mbili tu, halafu unaambiwa njoo mkutanoni siku tatu mfululizo saa tatu asubuhi. Ratiba ya bajeti ya serikali inataka mipango ya vijiji miezi hiyohiyo ambayo mvua inataka watu shambani, na hii inajirudia kila mwaka nchi nzima sehemu zenye mvua kama zetu, na bado mtu anaandika kwenye ripoti "mwitikio wa wananchi ni mdogo". Mwitikio sio mdogo jamani, watu wako shambani! Waliokuja walikuwa wazee, wenye maduka, na sisi tunaokaa karibu na ofisi ya kijiji. Wamama wenye watoto wadogo na vijana wenye mashamba ya mbali, ambao ndo wenye viazi, hawakuwepo.

Wawezeshaji walitupitisha kwenye malengo ya Dira ya 2025, maisha bora, utawala bora, uchumi imara, kila lengo mnataja fursa, mnataja kikwazo, mnataja mradi. Kura tulipiga kwa punje za mahindi. Vikopo vimepangwa kwenye benchi, kila kopo na jina la mradi, kila mtu ana punje tano anapita anadondosha anakotaka. Mpaka leo nakumbuka ule mlio wa punje kwenye kopo tupu halafu unavyobadilika kopo likianza kujaa. Daraja likaongoza, la pili soko la viazi na mizani, la tatu zahanati. Mimi punje zangu tatu zilienda kwenye mizani.

Niwaelezee kidogo kwa nini mizani, maana mtu wa mjini anaweza kuona ni kitu kidogo. Viazi vyetu vinanunuliwa shambani kwa gunia, vinaenda Makambako vinashika lami mpaka Dar. Mnunuzi anakuja na magunia yake, na gunia lake halifungwi pale gunia linapoishia, linaongezewa kichwa juu kwa nyavu na kamba mpaka linakuwa kama mtu aliyevaa kilemba. Hiyo ndo lumbesa. Sheria ya vipimo inakataza kufungasha zaidi ya kilo 100, kila mtu anajua, na kila msimu linafungwa. Wewe unalipwa bei ya gunia moja. Kwa hiyo sisi tulivyoandika mizani kwenye bango kitita hatukuwa tunaomba msaada wa mtu, tulikuwa tunaomba tusimamishe kutoa viazi bure, na kama hiyo sio mipango ya uchumi basi mimi sijui uchumi ni nini.

Wakakunja mabango, wakatupigia picha, wakaondoka. Baada ya hapo kimya. 2019 nimeingia kwenye halmashauri ya kijiji naenda ofisini kwa mtendaji natafuta muhtasari wa zamani, nikaona juu ya kabati mabango yamekunjwa yamefungwa kwa kamba ya katani. Nikayafungua, panya wameshakula kona moja yote. Maandishi ya kijani bado yanasomeka, SOKO LA VIAZI + MIZANI, punje 141. Nilikaa chini kabisa. Zile punje zilikuwa za watu, watu waliacha shamba.

Nikaanza kufuatilia kidogo kidogo, na nilichojifunza ndicho ningependa kila mjumbe wa kijiji akijue siku ya kwanza. Daraja letu namba moja, kumbe kuanzia Julai 2017 barabara za vijijini zilishahamishiwa TARURA (wakala wa barabara za vijijini na mijini), halmashauri haikuwa tena na hiyo kazi, na sisi Novemba ya mwaka huohuo tunaruhusiwa kuandika daraja kwenye mpango wa halmashauri na hakuna aliyetuambia peleka kule. Zahanati na shule, hela nyingi inayokuja kutoka juu inakuja imeshapewa jina, hii ya madarasa, hii ya vyoo, hii ya dawa, mkurugenzi hawezi kuigeuza iwe mizani hata kama anatuonea huruma. Ndo maana kijiji kikapata matundu ya vyoo vya shule, kitu ambacho kwenye vikopo vyetu hakikuwepo hata tano bora. Vyoo watoto wanavihitaji, navishukuru, ila hakuna aliyesimama kutuambia hivi vyoo vimetokea wapi na mizani imeishia wapi, watu wakabaki wanasema mwenyekiti amekula.

Kinachobaki kwa mradi kama wetu ni mapato ya ndani ya halmashauri, na kwa wilaya ya wakulima mapato ya ndani maana yake ni ushuru wa mazao. Huo ushuru 2017 serikali iliushusha kutoka asilimia 5 kwenda 3 kwa mazao ya biashara na 2 kwa mazao ya chakula, na mzigo usiofika tani moja ukasamehewa. Kwa mkulima ni nafuu kweli, mimi mwenyewe nilifurahi. Ila mfuko wa halmashauri ndo uleule tunaoutegemea kwa mizani, na kwenye huohuo inatoka asilimia 10 ya mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, zinatoka posho za vikao, mafuta ya magari, halafu kinachobaki ugawe kwa vijiji vyote vya wilaya. Sasa nauliza, hizo namba zilikuwa siri? Hazikuwa siri. Hakuna aliyekuja nazo tu. Kwenye bajeti kuna kitu kinaitwa ukomo, yaani halmashauri inaambiwa kutoka juu mwisho wenu ni kiasi hiki, msivuke, na sisi kijijini tunaambiwa pangeni. Ni kama unamtuma mtoto dukani humwambii amebeba shilingi ngapi, akirudi mikono mitupu unamwambia hujui kuchagua.

2020 nimeipa nyota 2 na sitakaa hapo sana. Safari hii wawezeshaji walikuwa wakweli zaidi, walisema mapema barabara ni TARURA, maji kuanzia 2019 ni RUWASA (wakala wa maji vijijini), andikeni lakini mjue vinapelekwa kwa wenyewe. Hiyo ilisaidia kupunguza ndoto. Lakini walikuja Novemba tena, siku mbili tu safari hii, na mrejesho haukuja tena. Tukachangishana tukapandisha boma la zahanati, yaani kuta bila paa, mpaka kwenye renta (mkanda wa zege juu ya milango na madirisha), kwa maneno kwamba wananchi wakifika renta halmashauri inapaua, na boma limekaa misimu mitatu bila bati, mvua inanyesha ndani, mbarika umeota kwenye chumba ambacho tulisema cha kujifungulia. Nikipita pale huwa siangalii. Mjane mmoja wa kitongoji chetu alitoa tofali 50 za kuchoma, alikuwa ameziandaa kwa ajili ya jiko lake.

Na hapa kuna jambo la utawala ambalo nimelitafakari sana. Mwenyekiti wa kijiji tumemchagua sisi, mtendaji ameajiriwa. Diwani tumemchagua sisi, mkurugenzi anateuliwa na Rais. Yaani wale tunaoweza kuwabana kwenye mkutano mkuu, tukawanyima kura, ndo wasio na majibu, na wenye majibu wanajibu kwa aliyewaweka ambaye yuko juu. Sisemi wakurugenzi ni wabaya, nimewaona wanaochapa kazi usiku, nasema jibu haliteremki lenyewe, lazima kuwe na mtu ambaye kazi yake ni kuliteremsha.

2023 huyo mtu akaja.

Afisa maendeleo ya jamii wa kata yetu, binti mdogo tu, ana mwaka mmoja kazini, alikuja Septemba kabla ya mvua, Jumapili mchana baada ya ibada, na alikuwa amepita kila kitongoji wiki nzima kabla yake. Ofisi ya kijiji haikutosha tukatoka nje, wamama wamekaa kwenye majani na watoto mgongoni, vijana wamesimama na pikipiki zao nyuma. Hakuwa na makapeni. Alikuwa na kaunta buku. Akasimama akasema, "Kamwene wazee wangu, mama zangu. Leo siwaulizi mnataka nini. Naanza kuwasomea mlichotaka 2020, kimoja kimoja, kimefika wapi na kimekwama wapi."

Akasoma. Mradi namba moja, umepelekwa taasisi nyingine, barua hii hapa, tarehe hii. Namba mbili, uliingia kwenye mfumo, ukakatwa kwenye kamati kwa sababu ukomo ulishajaa, kata yote mwaka ule ilibakiwa na kiasi hiki cha mapato ya ndani, akataja namba, watu wakashika vichwa kwa udogo wake. Namba tatu, boma la zahanati, limepangwa kwenye maombi ya maboma ya wilaya, mbele yetu yako mengine, akasema mangapi. Alisoma kama dakika arobaini, hakuna aliyeondoka. Baba mkubwa wangu, yuleyule wa Land Rover, akasema kwa sauti ya chini kabisa, "Kumbe." Akanyamaza. Halafu akasema tena, "Kumbe haikuliwa."

Mimi nilikuwa mjumbe miaka minne, nilitukanwa kwenye mnada, niliambiwa tumekula hela za vyoo. Ile kumbe ya mzee nilitoka machozi.

Baada ya hapo ndo akauliza swali lake, na swali lenyewe lilikuwa tofauti, ndo wanachokiita O&OD iliyoboreshwa: nyie wenyewe mmeshaanza nini, au mnaweza kuanza nini bila kusubiri mtu, halafu halmashauri iongezee wapi. Na akatoa ukomo hapohapo, akasema kwa ninavyoijua bajeti tegemeeni bati na misumari, nisiwadanganye zaidi ya hapo. Mizani ikashinda bila punje, kwa mikono. Kila kaya tofali 20 na debe moja la viazi, viazi vikauzwa kwa pamoja hela ikanunua mizani ya chini, ya kupandishia gunia zima, tukaipeleka kwa Wakala wa Vipimo ikakaguliwa ikapigwa muhuri. Bati zilikuja Novemba 2024, mwaka mmoja na miezi miwili tangu mkutano, zimechelewa ila alishatuambia mapema kwamba mradi wetu unaingia bajeti inayoanza Julai 2024, kwa hiyo hakuna aliyetukana mtu. Watu wanaweza kusubiri wakijua wanasubiri nini.

Machi 2025 tukapima gunia la kwanza. La mama jirani yangu, mnunuzi ameshalifunga, kilemba juu, anasema hili gunia moja. Vijana wawili wakalipandisha, mizani ikatikisika ikatulia. Kilo 138. Yule mama hakusema kitu, akaanza kuhesabu vidole, mwaka jana nimeuza magunia arobaini, thelathini na nane mara arobaini... akakwama, kijana mmoja akamalizia kwenye simu, kilo 1,520. Tani moja na nusu kaitoa bure mwaka mmoja, na huyo ana heka mbili tu. Mnunuzi akalipa kwa kilo siku ile. Alilipa, nilikuwepo.

Sasa kwa nini nyota 4 na sio 5. Wiki mbili baadaye Fuso zikapungua. Wanunuzi wakawa wanatuambia bila kuficha, mama hapa mnasumbua, kule ng'ambo ya mto wanafunga bila maneno. Ng'ambo ya mto ni kijiji kingine, na mpango wetu unaishia mtoni! Hapo ndo niliona udhaifu wa huduma hii yote, kwamba inapanga kijiji kimoja kimoja wakati viazi havina kijiji, viazi vina barabara, vinaenda na barabara mpaka Dar, na bei yetu inaamuliwa na kijiji dhaifu kuliko vyote kwenye hiyo barabara. Aprili baadhi ya watu wetu, hata waliochangia tofali, wakaanza kubeba viazi kwa pikipiki usiku kwenda kuuza lumbesa ng'ambo, maana ada zimefika na mnunuzi wa kilo hajaonekana. Siwalaumu hata kidogo.

Geti la ushuru nalo liko chini huko barabara kuu, linahesabu magunia, gunia likiwa na kilo 100 au 138 risiti ni ya gunia moja. Yaani kila kilo inayozidi mkulima anaikosa na halmashauri nayo inaikosa, wote wawili tunaibiwa kwenye gunia moja, ila ofisi ya mipango na watu wa geti hawajawahi kukaa meza moja wakaliona hilo. Kijiji hakiwezi kulitatua, hata kingejenga mizani kumi. Inatakiwa sheria ndogo ya halmashauri isimamiwe sehemu zote kwa siku moja, na inatakiwa mpango wa kata au wa tarafa nzima, kitu ambacho kwenye fomu zile hakuna pa kukiandika. WDC inapokea mipango ya vijiji inaiweka juu ya mingine inaipandisha, haikai ikauliza hivi vijiji vitano vinauza kitu gani kimoja.

Kwa mnaotarajia kuletewa huduma hii: msikubali kuanza kupanga kabla hamjasomewa mpango uliopita, ombeni ukomo hata kama ni makadirio, na kama wanakuja Novemba waandikieni mapema waje Septemba, inawezekana, sisi tumeona. Mkutano mkuu ni kila miezi mitatu na mapato na matumizi yanatakiwa kusomwa pale, kama hayasomwi simameni muulize kwa heshima mpaka yasomwe. Na kama mna afisa kama huyu wetu, mwandikieni mkurugenzi barua ya kumsifu, wa kwetu tumeshamwandikia, maana wanaofanya vizuri huwa wanahamishwa kimyakimya.

Sisi tumeomba msimu huu Septemba vijiji vitatu tukae pamoja, ajenda moja tu, mizani. Mwenyekiti wa ng'ambo ya mto alikataa mara mbili, mara ya tatu baba mkubwa akamfuata mwenyewe kwa miguu. Amekubali kuja, ila ametoa sharti moja, atakuja na gunia lake mwenyewe limefungwa na mnunuzi wake, lipimwe mbele ya watu wake kabla hajasaini kitu chochote.